Picha ya Mama Ghati na Ng'ombe Aliyechungulia

Nimekosa mimi. Naanzia hapo hapo, msije mkafika katikati mkaanza kunitafutia sababu. Sikudanganywa na mtu, sikulazimishwa, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu zote na kamera yangu mkononi.

Naandika haya nimechoka. Kuchoka kwa jembe nimekuzoea, kunaisha ukilala. Huku kwingine nimelala nako mwaka mzima na asubuhi nakukuta kumeamka kabla yangu. Nikaona heri niseme mbele ya watu nisiowajua, labda nitapumua.

Majina yote nimebadilisha na langu silitaji. Kama wewe ni mtu wa huku Nyamwaga ukanitambua, basi umenitambua, nyamaza tu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa mahindi na migomba. Kaka yetu anayeishi Mwanza alikuja likizo na kamera ya mtumba, akachoka nayo, akaniachia. Alifikiri nitaiweka kabatini. Sikuiweka! Nilijifundisha mwenyewe, kwa kukosea, mpaka nikajua mwanga wa saa moja asubuhi ni tofauti na wa saa tatu, na kwamba moshi wa jikoni ukipigwa na jua unapendeza kuliko mtu aliyevaa suti.

Sikuwa napiga harusi wala kipaimara. Nilipiga nyumbani. Mama mkwe akichambua mboga. Sare za shule zimeanikwa juu ya ua. Sufuria kwenye kichanja, majembe yameegemea ukuta, jogoo juu ya kihenge anajiona diwani. Mume wangu alinicheka mpaka akachoka. Alikuwa akiniita mpiga picha wa kuku. Majirani wao wakaniita Mama Picha, na jina likashika.

Mwanzoni watu walinisumbua. Ukimnyanyulia mtu kamera, anakimbilia ndani, anarudi na nguo za kanisani, anasimama wima kama anaapishwa. Mimi nilitaka wabaki na kanga zao za jikoni. Ilichukua muda mrefu. Nilienda, nikakaa, nikasaidia kumenya, nikapiga mbili tatu nikaondoka. Mwisho wakanizoea. Wakawa hawanioni tena, wanasema mambo yao, wanacheka, wananyonyesha, na mimi nipo pale pale nimechuchumaa.

Hapo ndipo nilipojisahau. Wao walikuwa wamenizoea mimi, na mimi nikadhani wameizoea na kamera.

Sasa sikilizeni habari ya dada yangu, nitamwita Bhoke. Ni mkubwa kwangu, tumbo moja. Mume wake, Chacha, alikuwa mtu mpole, mpenda ng'ombe kupita kiasi. Kati ya ng'ombe wake wote alikuwa na mmoja aliyezaliwa siku ya Krismasi, akamwita Sikukuu. Mwekundu, ana mkanda mweupe unaopita mabegani, uso mweupe, na pembe ya kushoto imelala chini inakaribia jicho. Hakuna wa pili yake. Ukimwona mara moja humsahau.

Huku kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Unampelekea rafiki wa mbali mmoja au wawili akulazie. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, au wezi, au ndugu wenye macho makubwa, unabaki na pa kuanzia. Na mahali ng'ombe alipolazwa si habari ya kutangaza. Wanajua wawili watatu, basi.

Chacha alipoanza kuumwa, alimpeleka Sikukuu Mbalibali, wilaya ya Serengeti, kwa Mzee Wambura. Baba zao walikuwa marafiki, na wao wakaurithi urafiki huo. Akamwambia Bhoke, "Huyu ni wa Robi. Asome mpaka amalize." Robi ni binti yao, alikuwa anakwenda kusomea uuguzi.

Chacha akafariki. Matanga hayajapoa, kaka yake mkubwa, Marwa, akaitisha kikao cha ukoo na kukusanya ng'ombe wote. Kwamba ni mali ya ukoo, kwamba mjane atatunzwa. Mnajua maneno hayo. Akahesabu, akauliza, "Na yule Sikukuu yuko wapi?"

Dada yangu alisimama mbele ya wazee akasema Sikukuu aliuzwa wakati wa ugonjwa. Alidanganya, ndiyo! Na mimi ningedanganya. Mwenye ng'ombe alishasema ng'ombe ni wa nani.

Marwa hakuamini, lakini hakuwa na la kufanya. Miaka miwili ikapita. Sikukuu akazaa huko Mbalibali mtamba na dume. Robi akaenda chuo. Dume lilikuwa linangojewa likue, liuzwe, Robi amalize mwaka wake wa mwisho. Waliojua yote haya ni Bhoke, Mzee Wambura na mkewe, na mimi.

Bhoke hakuweza kwenda Mbalibali kumwangalia ng'ombe wake. Angeonekana. Siku moja akaja kwangu na dawa ya kupe kwenye mfuko, akaniambia, "Mdogo wangu, nenda wewe. Beba na hilo likamera lako. Wakikuuliza unakwenda wapi, sema unakwenda kupiga picha. Nani atashangaa?"

Kweli hakuna aliyeshangaa. Mume wangu mwenyewe alisema, "Kuku wa Nyamwaga wamekwisha, sasa unawafuata wa Serengeti." Nikapanda haisi, nikamalizia na bodaboda, jua likiwa linaelekea kushuka nikawa nimefika kwa Mzee Wambura.

Mzee mwenyewe ni mrefu, mkimya, ana koti moja la rangi ya udongo ambalo nadhani analala nalo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipokea mzigo. Alipoona kamera alisimama kidogo.

"Mwanangu," akasema, "hapa ni kwako. Piga jikoni, piga kuku, hata mimi na hili koti langu nipige. Lakini zizi uliache."

"Nimekuelewa, tata," nikamjibu, ndivyo kwetu tunavyomwita baba.

Nilielewa! Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa jambo kwa Kiswahili chepesi kuliko kile.

Asubuhi yake niliamka, nikamkuta mkewe, Mama Ghati, amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Alikuwa na kibuyu cha maziwa amekilaza pajani, anakisukasuka kutoa siagi. Jua lilikuwa linaingia chini chini kupitia ukingo wa paa, limemwangukia usoni na mikononi. Alikuwa ananisimulia jinsi mzee alivyokuja kumposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, vikambana, akavivulia mlangoni na kurudi kwao pekupeku. Akafika mahali akacheka mpaka macho yakafumba.

Nilichuchumaa. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Nyuma ya bega lake, juu ya ua wa minyaa, Sikukuu akatoa kichwa. Uso mweupe, pembe ya kushoto imelala. Akasimama hapo anatuangalia, anatafuna taratibu.

Nilimwona. Nataka mlisome hilo vizuri, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikumwona. Nilimwona na nikajua ni nani. Na moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwa sababu bila yule ng'ombe ilikuwa picha ya mama anacheka, na pamoja naye ikawa nyumba nzima, asubuhi nzima. Sikuhama hatua moja kushoto. Nikabonyeza mara mbili.

Nikarudi Nyamwaga, nikampa dada yangu habari. Sikukuu mzima, mtamba mzuri, dume lina mwili. Bhoke alikaa chini akashukuru Mungu kwa sauti. Picha sikumwonyesha, na yeye hakuuliza. Simu yake ni kitochi, na habari alikuwa ameshapata.

Kuna kundi la simu la watu wa nyumbani. Wamo walioko Mwanza, Dar, Arusha, na sisi tuliobaki. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba. Mimi nilianza kuweka picha zangu humo siku zisizo na msiba, na watu wakanogewa. Mtu yuko mjini kwenye chumba cha kupanga, anaona kichanja cha vyombo, anaandika, "Mama Picha umeniliza." Mwingine, "Nimesikia harufu ya moshi." Jamani, sifa ni tamu! Mimi shuleni niliishia la saba. Hakuna mtu aliyewahi kunisifia kitu chochote isipokuwa ugali. Nikawa naweka picha, halafu nashika simu kila dakika kuangalia nani kasema nini.

Basi Jumapili baada ya ibada nikakaa na picha ya Mama Ghati. Niliijua hatari yake. Ndiyo maana nilijaribu kwanza kumkata ng'ombe. Nikamkata. Ikabaki mama na kibuyu, kama picha ya kwenye kopo la mafuta. Imekufa. Nikarudisha ng'ombe, ikafufuka. Nikakata tena, nikarudisha tena.

Nikajiambia hivi: nani atamwangalia ng'ombe wakati mama anacheka namna ile?

Hapo ndipo nilipoonyesha ujinga wangu wote. Nilisahau sisi ni watu gani. Mkurya mwonyeshe picha ya harusi, kama nyuma kuna ng'ombe, atauliza ng'ombe ni wa nani kabla ya kuuliza bibi harusi. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo! Nimekaa na kamera mpaka nikaanza kudhani watu wanaangalia mwanga.

Nikaiweka. Haikuchukua muda, sifa zikamiminika. "Hii itundikwe ukutani." "Mungu akutunze mikono." Katikati ya sifa hizo, Marwa, ambaye siku zote husema tu kwenye michango ya msiba, akaweka kidole gumba. Neno hata moja hakuandika, ila na mke wa Wambura alikuwa anamfahamu tangu enzi za urafiki wa baba zao. Nilikiona kile kidole, nikamkumbuka Sikukuu, halafu akaja mtu mwingine akanisifia nikasahau.

Alhamisi, Bhoke aliingia kwangu kilemba kikiwa mkononi. Alikaa kwenye kizingiti, hakuweza kufika kwenye kiti.

"Wamewachukua," akasema. "Marwa kaenda Mbalibali na wazee wawili na mwenyekiti. Wamemchukua Sikukuu na watoto wake. Kanipitishia mlangoni nione."

Nikampokea kile kilemba.

"Na mbele ya wazee nilisema aliuzwa," akaendelea. "Sasa mimi ni mwongo. Kesho nikisema kitu gani watanisikiliza?"

Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Nakumbuka vile vidole. "Tuliojua tulikuwa watatu, na mke wa Wambura wanne. Mimi sikusema. Wewe ni damu yangu. Basi ni yeye. Wambura kaniuza! Chacha alimwamini mtu yule kuliko ndugu zake, kaniuza."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "Ni mimi, dada." Nililifikisha mpaka kwenye meno.

Nikasema, "Pole, dada."

Kosa la kwanza naweza kuliita tamaa ya sifa. Hili la pili sijui niliite nini. Picha iliwaondoa ng'ombe, lakini mdomo wangu ndio uliomwondoa Mzee Wambura. Dada yangu alimpigia simu mbele yangu, akamwambia asikanyage tena kwake, hata siku akisikia amekufa asije kuzika. Nilisikia upande wa pili mzee anasema, "Haya, mama. Nimesikia." Hakujitetea.

Kesho yake Marwa akapita kwangu. Mume wangu alikuwa shambani. Alikuwa na paja la mbuzi limefungwa kwenye jani la mgomba.

"Shemeji," akasema, "una jicho wewe! Ukoo umepata mali yake kwa sababu yako. Usiogope, mimi sitamwambia mtu. Hayo na dada yako mtajuana."

Alidhani nilifanya makusudi! Alidhani nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa njia ya picha, kwa ujanja. Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kulitupa lile paja uani mbwa wale. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Nikasema, "Asante, shemeji."

Mnajua nililifanyia nini? Nililipika. Mume wangu alipouliza, nikasema Marwa kachinja. Watoto wakala, wakafurahi. Na kwa sababu dada yangu alikuwa hajala tangu jana yake, nikamjazia bakuli, nikafunika kwa sahani, nikampelekea. Nilimbembeleza ale. Akala vipande vitatu, akanishika mkono.

"Mungu akupe, mdogo wangu," akasema. "Nimebaki na wewe."

Tangu siku hiyo sijui usingizi mzuri ukoje.

Robi alirudi. Mwaka ulikuwa umebaki mmoja, akarudi. Marwa akasema hakuna haja ya kulia, msichana mkubwa huyo aolewe, ng'ombe watakuja wenyewe. Robi akasema haolewi ili ajaze zizi la mtu. Akaenda Matongo kuponda mawe ya dhahabu na wanawake wengine.

Nilimkuta huko siku niliyokwenda kumwona mgonjwa. Amekaa chini, nyundo mkononi, kipande cha kitambaa puani, nyusi zote nyeupe kwa vumbi. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Shikamoo mama mdogo. Kamera umebeba?"

"Marahaba mwanangu. Ipo."

"Nipige basi, niwatumie wenzangu chuoni. Wamwone nesi wao amevaa nyeupe."

Wanawake wakacheka. Na yeye alicheka. Nikamwambia betri imekufa. Haikuwa imekufa. Niliondoka pale, nikakaa chini barabarani bodaboda zinanipita.

Kamera nikaitundika kwenye msumari. Watu wa kundi wakauliza, "Mama Picha umepotelea wapi?" Nikawajibu ni kazi za shamba.

Ningeendelea kunyamaza mpaka leo, nisiseme uongo. Kilichonivunja ni msiba wa jirani yetu mmoja. Mzee Wambura alikuja, maana naye walifahamiana. Baada ya kuzika watu wakawa wanapeana mikono. Mzee akamfikia dada yangu, akanyoosha mkono. Bhoke akaupita. Akaupita kama vile hapo hakuna mtu, mbele ya watu wote. Mzee akabaki na mkono wake hewani, kisha akaurudisha taratibu mfukoni mwa lile koti. Akageuza uso, akaniona.

Hakunikasirikia. Aliniangalia tu, akaniinamishia kichwa, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mbalibali. Safari hii niliaga kwamba nakwenda kuonana na mtu. Nilimkuta mzee anatengeneza mpini wa jembe. Sikungoja kiti wala maji.

"Tata, ni mimi," nikasema. "Ni picha yangu. Ulinikataza, nikapiga. Dada anadhani ni wewe, na mimi nimemwacha adhani hivyo."

Akaendelea kuchonga. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Marwa alinionyesha siku ile ile zizini. Nilianza kukataa, nikasema ng'ombe ni wangu, akatoa simu. Nikamwona mke wangu anacheka. Nani mwingine amewahi kumpiga picha mke wangu akicheka?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia dada yangu. Mwaka mzima! Ametukanwa, amenyimwa mkono msibani, na jibu analo.

Aliweka kisu chini. "Ningesema, dada yako angebaki na nani? Mimi ni mtu wa mbali. Akiugua, anayemchotea maji ni wewe. Nikaona mimi naweza kukaa bila yeye. Yeye hawezi kukaa bila wewe." Akakiokota tena kisu. "Nilidhani utasema wiki ile ile. Ukachelewa, mwanangu. Umechelewa sana."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto. Mama Ghati akatoka jikoni, akanipa maji, akangoja nimalize. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Hiyo picha unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikamwonyesha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Watu wote wameniona ila mimi," akasema. "Kumbe nikicheka niko hivi." Akamwita mumewe aje aone. Wakaangalia pamoja, na mzee kidole chake kikaenda kwa Sikukuu, kikatulia hapo juu ya ile pembe.

Nilirudi Nyamwaga, nikapitiliza moja kwa moja kwa Bhoke. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua gunzi, nikaliweka chini. Nikamwambia yote. Kukatazwa, minyaa, kubonyeza mara mbili, kukata na kurudisha, kidole gumba, na kwamba Wambura alikuwa anajua na amenibebea.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayahitaji, kusema kweli. Bhoke hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea, punje zinaanguka kwenye ungo, gunzi moja, la pili, la tatu. Nikaanza kufikiri labda amenisamehe, labda ameshachoka na yeye.

Kisha akasimamisha mikono.

"Ile nyama," akasema. "Ile uliyoniletea siku ile nikala. Ilitoka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu tena.

"Kwa Marwa," nikasema.

Aliinuka. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akanawa mikono. Akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, akatema. Akaingia ndani akafunga mlango. Nikabaki na mahindi uani mpaka kuku wakaanza kuyala, nikawafukuza, nikaondoka.

Siku chache baadaye alikwenda Mbalibali na jogoo kwapani, mchana kweupe, hakuna tena cha kuficha. Alipita mbele ya nyumba yangu. Nilisikia baadaye kwamba Mzee Wambura alimpokea, wakala, akalala huko siku mbili. Nimefurahi kwa ajili yao. Mimi nimebaki nje ya ua.

Ng'ombe hawakurudi. Dume liliuzwa na Marwa zamani. Robi bado yuko Matongo, anasema anajitafutia mwaka wake mwenyewe. Siku moja nimempelekea ndizi, akazipokea, akaniamkia. Alishaambiwa. Habari ya kamera hakuigusa tena.

Na Bhoke ananisalimia. Hilo ndilo linalonimaliza. Angenitukana ningejua pa kushika. Tukikutana kisimani anasema, "Umeamkaje?" nasema, "Salama dada, shikamoo," anasema, "Marahaba," anajitwisha ndoo yake. Nilipougua mwezi uliopita alinichotea maji. Aliyaweka mlangoni, hakuingia.

Picha ile sijaifuta. Nimeichapisha Tarime mjini, nikampelekea Mama Ghati, ameitundika. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga na kila nikiiangalia nataka kutapika.

Wewe unayepiga picha kwa kupenda tu, kama mimi, usiye na ubaya na mtu. Unakaa uani kwa watu, wanakusahau, wanakuwa walivyo. Hicho wanachokupa hakina malipo, kwa hiyo usikibebe ukakimwage mbele ya watu. Mwenye nyumba akikwambia hapa usipige, usipige, hata kama jua lote limeangukia hapo. Angalia nyuma ya mtu kabla ya kubonyeza. Angalia tena kabla ya kutuma.

Na kama umeshakosea, kama umeshatuma, usingoje kama nilivyongoja. Nenda siku hiyo hiyo, kwa miguu ikibidi, ukaseme ni mimi. Nenda kabla mtu mwingine hajanyooshewa kidole. Nenda kabla nyama haijaiva.